Kitanda Hakizeeki Chote

Kitanda cha kamba hakizeeki chote kwa pamoja. Kamba ndiyo hutangulia. Hulegea katikati, anayelala akazama. Kisha hukatika mahali pamoja, halafu pengine. Wakati huo matendegu bado mazima, mifumbati imenyooka, vitakizo vimeshika barabara kwenye matundu yake. Mwenye kitanda hatafuti kitanda kingine. Anatafuta kamba mpya na mtu wa kumshikia upande wa pili.

Nimezaliwa Bagamoyo, binti wa seremala, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimefundisha historia katika shule za sekondari. Karakana ya baba ilikuwa uani, chini ya mwembe. Alitengeneza vitanda, meza na makabati ya vyombo, lakini kazi iliyobisha hodi mara nyingi zaidi ilikuwa ya vitu vikuukuu. Huyu ameleta kiti kilichotoboka kitako, yule sanduku lililong'oka bawaba. Mama mmoja analeta kitanda cha binti yake anayeolewa wiki ijayo, na anataka kisitambulike kwamba ni kilekile alicholalia bibi yake. Baba aliipenda kazi hiyo kuliko zote, nami nimeirithi. Sasa nimestaafu, ua ni wangu, na sipitishi mwezi bila kiti au kabati la mtu kusimama pale likingoja zamu yake.

Nilipoanza kuitafuta historia ya samani za pwani vitabuni na kwenye makumbusho, nilikuta jambo ambalo ua ule ulikuwa umekwisha kunionyesha. Wazee wetu waliunda samani ili zifunguliwe, zikazwe, zivishwe na kuwambwa upya. Matengenezo ya kesho yaliwekwa ndani ya umbo tangu siku ya kwanza. Fundi alijua kipi kitachoka mapema na kipi kitadumu, akavitenganisha ili kile kinachochoka kitolewe bila kukiumiza kinachodumu.

Chukua kitanda chenyewe. Matendegu manne yaliyokerezwa, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya mwisho. Ulimi wa kila mti huingia kwenye tundu la tendegu, na mvuto wa kamba ndio unaovibana vyote pamoja. Ukifungua kamba, kitanda hugeuka mzigo wa miti unaoweza kubebwa begani. Kamba ilikuwa ya usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani, mahali maji ya bahari yanapojaa na kupwa, yakakaa humo miezi mpaka nyama yake ioze. Hapo hufukuliwa, hupondwa kwa mti, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa, kisha wanawake wakazisokota mapajani au kati ya viganja. Kazi hii bado ipo katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Bwejuu. Usumba hauogopi chumvi wala unyevu, na ndiyo maana kamba hiyohiyo iliyofunga mbao za mitepe ya zamani, vyombo vya baharini vilivyoshonwa bila misumari, ndiyo iliyowamba vitanda vya watu.

Kuwamba kunataka watu wawili. Mmoja anavuta, mwingine anazuia kisirudi kile kilichokwisha kuvutwa. Baba alikuwa akigonga kamba kwa rungu dogo baada ya kila mzunguko na kusikiliza mlio wake. Kamba iliyolegea hutoa sauti nzito. Vitanda vya bei nafuu viliitwa teremka tukaze, na watu waliteremka kweli wakakaza. Kwa mtaa wetu wakati wenyewe ulikuwa siku za mwisho za Shaabani. Vitanda vilitolewa nje, vikamwagiwa maji ya moto kwenye viungo ili kunguni wafe, vikakauka juani, vikawambwa. Magodoro ya sufi nayo yalifumuliwa. Sufi ilichambuliwa kwa mkono, mbegu na mabonge yakatupwa, ikaanikwa chini ya wavu isipeperuke, ikarudishwa ndani ya marudufu mapya. Ramadhani ilipoingia, nyumba ilikuwa na vitanda vipya ambavyo hakuna aliyevinunua.

Visiwa vya Lamu vilikuwa na kitu cha fahari zaidi, nacho kilifuata sheria hiyohiyo. Kiti cha enzi kilitengenezwa kwa mpingo, kikatiwa vipande vya pembe au mfupa katika mapambo ya pembe nne na nyota, kikawekewa mgongo mrefu ulionyooka na mahali pa kuegemeza miguu. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, aliandika makala nzima juu ya viti hivi, iliyotoka 1989. Waliovikalia walikuwa watu wa heshima, na wageni waliostahili heshima. Siyu na Pate ilikuwa miji ya mafundi wake. Siyu ndiyo iliyojulikana pia kwa kunakili misahafu na kwa kazi za ngozi, kabla ya kuangukia mikononi mwa majeshi ya Zanzibar katika karne ya 19. Watu wakikitazama kiti cha enzi makumbushoni hutazama pembe. Mimi hutazama kitako na mgongo, kwa sababu pale hapana mbao. Pana uzi uliosukwa ndani ya fremu, na uzi wa namna hiyo hauwezi kudumu miaka mia mbili. Maana yake kiti unachokiona kimekwisha kusukwa upya, labda mara nyingi, na mikono ambayo hakuna aliyeiandika. Kiti kizima hufunguka vipande vipande. Aliyekiunda aliwaachia nafasi watakaokuja baada yake.

Unguja ya karne ya 19 ilileta mambo mengine. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake huko kutoka Muscat, biashara ya karafuu na pembe za ndovu ikatajirisha mji, na majahazi ya kaskazi yakashusha samani kutoka India. Kasha la njumu lilikuja na mabaharia na wafanyabiashara: mbao za msaji au za mti mwingine mgumu wa India, bati la shaba lililokatwa kwa mapambo, misumari ya shaba iliyopangwa safu kwa safu, na ndani yake visanduku vya siri ambavyo mgeni hawezi kuvipata. Hata leo wauza vitu vya kale huyagawa makasha haya kwa majina ya Surat, Bombay na Malabar. Samadari nayo ilikuja kwa njia hiyo: kitanda kirefu chenye nguzo zilizokerezwa, na kwenye ubao wa mchagoni vioo vilivyochorwa maua kwa nyuma. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliviandika vitanda vya nyumba ya baba yake katika kumbukumbu zilizochapishwa 1886. Anasema vilikuwa vya mti wa thamani, vyenye nakshi za mafundi wa India, na virefu hivi kwamba mtu alipanda kwa kukanyaga kiti au kwa kusaidiwa na mtumishi. Uvunguni mwake palitosha kulala yaya wa mtoto.

Maneno hayo ya uvunguni huwa yananisimamisha kila nikiyasoma. Historia ya samani nzuri za pwani ina watu waliolala juu na watu waliolala chini, na wengi wa waliolala chini walikuwa watumwa. Sifundishi samadari bila kusema hivyo. Aliyesugua shaba ya njumu kwa ukwaju na majivu mpaka ikawaka, aliyepanda kufuta vumbi kwenye vioo vya mchagoni, huyo ndiye aliyekifanya kitu kizee kionekane kipya kila Ijumaa, na jina lake halimo kwenye kumbukumbu za mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bagamoyo yangu inahusika nalo kwa karibu, na ambalo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwa moyo wote ingawa mtaala uliligusa kwa sentensi moja tu: sandarusi.

Msandarusi ni mti wa misitu ya pwani. Ukijeruhiwa hutoa utomvu, na utomvu huo ukiganda mtini huitwa chakazi, kitu laini na cha bei ndogo. Lakini kulikuwa na misandarusi iliyokufa zamani sana, ikaoza yote, utomvu wake ukabaki mchangani na kugeuka kitu kigumu, kinachong'aa, cha rangi ya asali au chekundu. Hiyo ndiyo sandarusi yenyewe. Ilichimbwa katika ukanda mrefu wa Mrima, nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam na kushuka kusini kupita Rufiji, na wachimbaji walikuwa watu wa huko, Wazaramo na Wandengereko wakiwemo. Richard Burton, aliyeshuka Kaole mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliieleza biashara hii kwa kirefu katika kitabu chake cha 1860: mashimo madogo yaliyochimbwa kwa jembe, donge likipatikana hapa na pale, bei zikipangwa na wanunuzi wa pwani. Anaandika pia kwamba chakazi ilipelekwa India na China kwa vanishi duni, na ile ya ardhini ndiyo iliyotakiwa Ulaya na Marekani.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mzaramo, na alisimuliwa na wakubwa zake habari za kwenda shamba la sandarusi. Alichokumbuka kilikuwa kidogo, ila alikisema kwa uhakika: donge likitoka ardhini halina uzuri wowote. Limevaa ganda la udongo, unaweza kulirusha ukidhani ni kokoto. Ukiliosha kwa maji makali ganda linatoka, na chini yake uso wote una vipele vidogo vidogo. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walivifananisha vipele hivyo na ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, na walivitumia kupima ubora: sandarusi yenye vipele imekaa ardhini vya kutosha.

Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafungua ubalozi mdogo wa Marekani mjini Zanzibar. Salem ni mji mdogo wa bandari. Merikebu zake zilileta merikani, ile nguo ya pamba tuliyoipa jina la nchi yake, pamoja na waya wa shaba na baruti, zikaondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Salem Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha: donge liliwekwa katika maji ya magadi ili ganda lilegee, likakaushwa, likapigwa brashi, likapangwa kwa ukubwa na rangi. Kutoka hapo lilikwenda kwa wapika vanishi. Waliliyeyusha kwa moto mkali sana, wakachanganya na mafuta ya kitani na tapentaini, wakapata vanishi iliyokauka ngumu na kung'aa kuliko nyingine. Katika biashara ya wakati ule sandarusi ya Zanzibar ilihesabiwa ngumu kuzidi kopali, yaani utomvu wa aina hiyo, za nchi nyingine zote. Ilipakwa kwenye magari ya farasi na kwenye samani za vyumba vya watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Uzaramo.

Hebu fikiri maana yake. Mwanamke wa Boston au London aliyeamka asubuhi moja na kuamua meza yake ya mlo imefifia na inahitaji uso mpya, akamwita fundi wake, fundi akafungua mtungi wa vanishi bora, alikuwa akipaka utomvu uliochimbwa na jembe la Mzaramo. Ni haki yetu kulijua hilo. Tumezoea kusoma kwamba Ulaya na Marekani zilituletea vitu vya kung'aa. Mng'ao wenyewe ulitoka kwetu, na uliuzwa kwa mafungu ya bei ambayo mchimbaji hakuipanga.

Biashara ilififia polepole. Tangu miaka ya 1870 mpira wa porini ulianza kulipa vizuri zaidi, na watu wa nyuma ya pwani wakaacha mashimo wakafuata mitoria ya mpira. Mwanzoni mwa karne ya 20 kopali ya Kongo ikajaa sokoni. Kisha wakaja wakemia. Resini za kutengenezwa kiwandani zikachukua nafasi ya utomvu wa miti, na msandarusi ukabaki msituni ukikatwa kwa mbao na mkaa.

Resini hizo zina mtoto mmoja ambaye kila msomaji wa umri wangu anamjua. Mwaka 1913 huko Cincinnati ilianzishwa kampuni ya Formica, ikitengeneza vitu vya kuzuilia umeme kwa karatasi na kitambaa vilivyoloweshwa resini na kukandamizwa kwa joto. Baada ya Vita Kuu ya Pili mabapa hayo yalikuwa yameingia jikoni na sebuleni duniani kote: yenye rangi, laini, yasiyoshika doa. Nilipotembelea Makumbusho ya Kasri pale Unguja, nilipita chumba chenye vitu vya Salme, nikapita samani zilizochongwa kwa subira ya ajabu, nikafika vyumba vya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, nikakuta kabati la Formica. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye angeweza kuwa na mpingo na pembe, na miaka ya 1950 yeye naye alitaka kilichokuwa kipya. Simlaumu. Lakini bapa la aina hiyo lina tabia moja ambayo samani za kale hazikuwa nayo: likibanduka pembeni, huna la kulifanya. Huwezi kulipiga randa. Huwezi kulipiga msasa, maana chini ya ile rangi hapana rangi nyingine, pana karatasi ya kahawia na ubao wa hovyo. Umri wake wote uko katika uso wake.

Bara na mwambao wa Tanganyika tulikuwa na njia yetu. Kochi la mninga ndilo lililotawala sebule za watu wa kipato cha kati tangu miaka ya uhuru: fremu nzito, mikono mipana ya kuwekea kikombe, mito inayotoka. Fundi wa Kizungu angelidharau kwa unene wake. Mimi nalitetea, kwa sababu limebeba akili ya kitanda cha kamba. Mito hutolewa na kuvishwa. Chini ya mito baba alipitisha mikanda iliyokatwa kwenye mipira ya ndani ya matairi ya magari, akaisuka msalaba na kuipigilia, na ikichoka unaikata na kuweka mingine huku mninga ukibaki ulivyo. Wengine walitumia kamba za katani, na katani tulikuwa nayo. Tanga ilikuwa imeipa nchi jina duniani. Kisha vikaja vitambaa vya kufuma kwa sindano vya kuwekwa mgongoni na mikononi, ambavyo vijana huviona vya kizamani na ambavyo vilizuia mafuta ya nywele na jasho kufika kwenye nguo ya kochi. Vitambaa hufuliwa, kochi halifuliki.

Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maduka yalipokuwa matupu na sabuni yenyewe ikisakwa, hakuna aliyezungumza kuhusu kununua kochi. Hapo ndipo nilipoona ustadi mkubwa kuliko wakati wowote. Kanga zilizofifia zilishonwa mbili mbili zikawa foronya za mito. Magunia yalichambuliwa na kufuliwa mpaka yakalainika, yakapakwa rangi ya ukindu iliyochemshwa, ile wanayotumia wasuka mikeka, zikatoka nguo za viti za zambarau na kijani ambazo ningezitambua leo nikizikuta popote. Mama alivunja mkeka mchakavu, akachukua ukili uliokuwa bado mzima, akanipa nikamshikie baba alipokuwa akiupigilia kwenye mlango wa kabati uliokuwa umepoteza ubao wake. Kabati lile lilipumua vizuri kuliko zamani na nguo hazikunuka ukungu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mama yangu aliuvua mbacha ukili wake na kuutia kazini.

Siku hizi nikipita Keko, Dar es Salaam, ambako samani zimepangwa kando ya barabara mpaka macho yanachoka, naona mafundi hodari sana wakifanya kazi ambazo nyingine haziwastahili. Mteja anataka kitu kinachofanana na picha ya kwenye simu, kwa bei ya chini, kesho. Wanampa ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvishwa ngozi ya plastiki. Unyevu wa pwani huuingia kupitia tundu la skrubu, ubao ukavimba, na ukishavimba haurudi. Wakati huohuo, nyuma ya nyumba nyingi, stuli ya mninga ya marehemu babu inanyeshewa mvua na kukaliwa na kuku.

Ndiyo maana wanaoniuliza jinsi ya kuanza kutengeneza vitu vikuukuu huwa nawaambia waanze na ile stuli. Na kabla ya kuigusa kwa msasa, waipime. Chovya pamba katika spiriti, paka mahali pasipoonekana, ngoja kidogo. Uso ukinata na kulainika, hiyo ni polishi ya zamani ya spiriti, inayotokana na utomvu wa wadudu wa India, na unaweza kuirudisha ing'ae kwa spiriti na kitambaa bila kukwangua chochote. Usipolainika ni vanishi ya mafuta au ya kisasa. Hapo msasa una kazi. Anza na namba 120, malizia na 240, na siku zote fuata nyuzi za mbao. Zamani mafundi walitumia majani ya mti wa msasa, yaliyo makwaru kiasi cha kulainisha mti na pembe. Baba alinionyesha mti huo njiani kuelekea Kaole, nami nimewahi kuyatumia kwenye kijiko cha mpingo, yakafanya kazi safi.

Kuhusu rangi nina msimamo, na nitausema hata kama utamkera mtu. Paini na mbao nyingine nyepesi zipake utakavyo, bluu, manjano, mistari, maua. Zinapendeza na zinalindwa. Mninga, msaji, mpingo na mkangazi usizipake rangi. Mti uliochukua miaka themanini kutengeneza mishipa ile hauhitaji kufunikwa na kopo la rangi ya mtindo wa mwaka huu. Na kasha la njumu usilisafishe mpaka likawa jipya. Shaba isugue ukipenda, ukwaju bado unashinda dawa zote za dukani, ila mbao zake ziache na weusi wake. Weusi ule ni moshi wa udi, mikono ya watu na hewa ya bahari. Ukiutoa hautarudi wakati wa uhai wako.

Mbao za majahazi nazo zimepata soko, Lamu na Unguja hasa. Chombo kikichoka kabisa huvunjwa, na mbao zake hugeuzwa meza, fremu za vioo, rafu na vitanda vya hoteli. Mafundi huacha matundu ya misumari na mabaki ya rangi, na ukikaribia siku ya joto bado unasikia harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki yaliyokuwa yakipakwa kuhifadhi chombo. Ninafurahi kwamba mbao hizo hazichomwi. Kinachonisikitisha ni kwamba karibu zote huishia kwa wageni, na mvuvi aliyekwenda na chombo kile hana hata kigoda chake. Ningependa kuona nyumba za watu wa pwani wenyewe zikiwa na kipande cha chombo cha babu yao sebuleni.

Mimi kwa sasa niko kwenye vioo. Jirani yangu alikuwa na kabati la vyombo la mkangazi lililovunjika kioo cha mlango, naye alikwisha kulitoa liwe kuni. Nilimwomba anipe. Sikutaka kulitia kioo kitupu, maana ndani yake nilikwisha kuiona samadari. Kuchora kwa nyuma ya kioo kunageuza mpangilio wote wa mchoraji. Kwa kuwa mtazamaji atakuwa upande wa pili, kinachotakiwa kuonekana mbele ndicho kinachopakwa kwanza: mshipa wa jani kabla ya jani, kiini cha ua kabla ya petali, na uwanda wa nyuma huja mwisho kabisa. Ukikosea mpangilio, petali humeza kiini na hakuna njia ya kukifukua. Rangi ya mafuta ya kupakia madirisha inafaa kabisa, ukiipa kila tabaka usiku mzima ikauke. Kioo husafishwa kwa spiriti kwanza, na kidole kisikiguse tena.

Mlango wa kwanza nimeuchora waridi, kama walivyochora mafundi wa India, kwa heshima yao. Kioo cha mlango wa pili nimekwisha kukikatisha dukani. Hicho nitakichora msandarusi, ambao majani yake huota mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, na nitaanza na mishipa.